Kete Moja Iliyopotea na Rezini Tatu Nisizozielewa

Nyumbani, mlango wa kijani,
Jumanne, tarehe 11 Machi.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Hujambo? Kifua hakikubani na baridi ya huko? Chumba ulichohamia kina dirisha kweli, au ulisema tu ili nilale? Unakula cha moto, au bado unatafuna mkate huku unafunga viatu? Nijibu moja moja. Usiniandikie "salama" ukadhani umemaliza, maana salama yako naijua, ulinijibu hivyohivyo ile siku uliyovunjika mkono.

Sisi huku tu wazima. Baba yako hajambo, yupo kwenye kibanda chake cha viatu, goti linamuuma akikaa na linamuuma akisimama, kwa hiyo siku hizi anashona akiwa ameegemea ukuta. Mdogo wako Kifaranga hajambo, amerefuka mpaka ananipita, jina halimfai tena lakini ukimwita lingine haitiki. Shangazi yako wa ghorofa ya juu hajambo, anauliza utaoa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe. Mzee Posta, jirani yetu wa mlango wa pili, naye hajambo. Alistaafu kugawa barua miaka mingi lakini kofia ya kazi haivui, nadhani analala nayo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya buti la mteja wa baba yako.

Bibi yako mwili hajambo. Anakula, anagomba, analala. Lakini kuna jambo juu yake, na ndilo lililonishikisha kalamu. Kwenye simu nisingeweza. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni chumbani wanakuambia pole, na bibi yako tangu macho yafunge masikio yake yamekuwa manne. Ndiyo maana naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani, kalamu yenyewe ya Kifaranga. Mwandiko utanisamehe. Darasa nililofika unalijua.

Unazikumbuka dhumna za babu yako? Zile kete za mfupa zilizogeuka rangi ya chai ya maziwa, zinazokaa ndani ya kopo la kakao. Bibi yako na Mzee Posta wanazicheza kila siku saa kumi, pale kwenye meza ya barazani. Yeye haoni, lakini anapitisha kidole gumba juu ya vitundu na kukuambia hii ni tano-mbili kabla wewe mwenye macho hujaitazama. Mzee Posta humtania, "Mama, leo nakufunga mpaka uniombe msamaha." Naye humjibu, "Wewe uliyekuwa unapeleka barua za watu nyumba zisizo zao, utamfunga nani?" Hapo ndipo anapocheka. Mwanangu, kwa siku nzima mwanamke yule hucheka saa kumi tu.

Basi mwezi uliopita tulipaka rangi chumba chake. Nikamwaga kete kwenye kitambaa ili nilioshe lile kopo, lilikuwa na kutu. Mambo yakawa mengi, fundi ananiita huku, sufuria linafurika kule, nikakikunja kile kitambaa na kukikung'utia kwenye gunia la taka kama ninavyokung'uta makombo kila siku. Mkono una mazoea yake, haukuniuliza. Niliposikia kitu kinagonga nikashtuka, nikaokota, nikaokota. Lakini gunia lilikuwa na mavumbi ya ukuta, na gari la taka lilikuwa tayari linapiga honi mlangoni. Nilipokuja kuhesabu zilikuwa ishirini na saba. Zinatakiwa ishirini na nane. Iliyokwenda ni sita-nne.

Nilitaka kumwambia. Walahi nilitaka. Nilisimama mlangoni mwa chumba chake na maneno mdomoni. Akasema, "Mkwe, hizi dhumna mbona leo nazihesabu hazitimii?" Na mimi, badala ya kusema, ulimi ukateleza: "Zipo zote, mama. Hesabu vizuri."

Nilidhani nitainunua nyingine sokoni niitumbukize kimya. Dukani wana seti za plastiki, nyepesi kama kucha, zinateleza. Nilimpa moja aishike nikisema ni ya mtoto wa jirani, akaitupa kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Ndipo Kifaranga akaniambia, "Mama, watu siku hizi wanajitengenezea vitu nyumbani. Unafanya kalibu ya mpira, unamimina rezini, inaganda, umemaliza." Akanionyesha kwenye simu mwanamke ana kucha ndefu anamimina kitu kama asali, mara hiyo anatoa pambo la shingoni. Nikasema kama huyu mwenye kucha anaweza, mimi niliyelea watoto wawili na mama mkwe nitashindwa nini?

Nimeshindwa, mwanangu. Ndiyo maana nakuandikia wewe wa kiwanda cha vifungo. Uliwahi kuniambia huko mnavimimina vifungo kama uji kisha vinakuwa vigumu kama jiwe. Basi wewe ndiye daktari wangu.

Kalibu haikutusumbua. Ule mpira unakuja makopo mawili, unachanganya, unaumwagia kwenye kiboksi ulichoweka kete, kesho yake unaukuta umekuwa laini kama ulimi. Tulichukua sita-tano, kwa sababu ndiyo ndugu yake wa karibu na ile iliyopotea. Kosa la kwanza hilo, nitakuambia mbele.

Muuza rangi wa pale kona ana rezini za aina mbili. Akaniuliza nataka ipi. Sasa mimi nitajua ipi? Nikamwambia ile rahisi. Akasema, "Mama, chukua hii ya haraka, hata mtoto anaiweza. Chupa hii na chupa hii, sawa kwa sawa, dakika kumi umeshatoa." Jina lake refu kama treni ya mizigo, linaanza na poli, sikulishika. Ikiganda inakuwa nyeupe ya kama mfupa, nikafurahi.

Nikapima sawa kwa sawa kwa kikombe cha dawa ya kikohozi. Nikachanganya. Chupa ya pili ilibaki na tone tone ukutani, na wewe unajua mimi situpi kitu chenye tone ukutani. Mafuta ya kula nikimaliza nasuuza chupa, shampuu nasuuza chupa, dawa yako ya utotoni nilikuwa nasuuza chupa nakunywesha. Nikatia maji kidogo, kifuniko kimoja tu, nikatikisa, nikamimina humo.

Mwanangu, ile rezini iliumuka. Ilianza kupumua. Ikapanda kutoka kwenye kalibu kama maandazi yaliyosahauliwa juani, ikamwagika mezani, ikashika kitambaa cha meza, ikashika kijiko, na Kifaranga akawa anapiga kelele "Mama inakuja! Mama inakuja!" kama tumevamiwa. Ilipotulia ilikuwa sponji. Kete ya sponji! Ukiibonyeza inalia. Nimekukatia kipande nimekiweka ndani ya bahasha hii ukione mwenyewe. Kifaranga anasema kwenye simu wameandika rezini ile na maji hawakai chumba kimoja. Sasa mbona muuza rangi hakusema? Amesema hata mtoto anaiweza. Labda mtoto hasuuzi chupa.

Na tukiwa tunaicheka, Kifaranga akahesabu vitundu. Sita upande huu, tano upande huu. Tulikuwa tunamzaa pacha wa aliye hai! Hata ingeganda vizuri, bibi yako angekuwa na sita-tano mbili na sita-nne hana. Tukatazamana kama wajinga wawili. Kisha yeye, yule ana akili yule, akachukua nta ya mshumaa akakiziba kile kitundu cha katikati ya tano, ikabaki nne. Tukafanya kalibu nyingine, kisha nta tukaing'oa.

Safari ya pili nikarudi kwa muuza rangi, akanipa ile nyingine, epoksi. Hii hainuki sana, haina haraka, unaweza kuichanganya huku unafikiri. Lakini ndipo nilipopotea kabisa. Yeye amesema mbili kwa moja. Kwenye chupa kumechorwa vikombe viwili na kimoja, halafu chini yake kumechorwa mizani na namba nyingine. Kifaranga anasema kuna kupima kwa ujazo na kuna kupima kwa uzito na hazilingani. Mimi nikasema kijiko ni kijiko. Nikatia vijiko viwili na kimoja, halafu chupa ya kugandishia, hiyo wanayoiita hadina, nikaongeza kidogo cha juu ili iwahi. Dawa ikizidi si inaponya haraka? Nikatia na poda ya mtoto na bizari ya manjano kidogo ipate rangi ya mfupa wa zamani.

Siku ya kwanza imelegea. Siku ya pili imelegea. Leo siku ya nne, umbo limekaa, vitundu vimekaa, nne na sita, nzuri kwa macho. Lakini ukiishika inakushika. Alama ya kidole changu gumba ipo juu yake kama nimesaini mkataba, na inanuka jikoni. Nikiianika juani je, itakauka? Niipake kitu? Niiongezee ile chupa ya kwanza, kama chumvi ikizidi unavyoongeza maji? Kifaranga anasema haiwezekani, ikishachanganywa imechanganywa. Wewe unasemaje?

Ya tatu ameitaja fundi wa bodi za magari, yule wa nyuma ya kituo cha mafuta. Yeye anacheka epoksi na ile ya haraka zote. Anasema chukua poliesta, ndiyo baba lao, ndiyo wanayozibia magari yaliyotoboka, matone machache tu ya hadina na inakuwa jiwe. Akanifungulia kopo ninuse. Mwanangu, machozi yalinitoka kama nimefiwa. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitu cha pua na yuko nje. Nikaiwaza nyumba yetu, na kifua cha bibi yako. Lakini si ndiyo mnayotumia ninyi kwenye vifungo? Mnapumuaje huko? Wanawapa vitu vya pua? Sasa nimepata wasiwasi mwingine ambao sikuwa nao.

Kwa hiyo nisaidie. Kati ya hizo tatu, ipi mtu kama mimi, asiye na mizani wala shule, anaweza kuimimina uani bila kumuua mtu? Na inatakiwa iwe nzito kama mfupa, na iwe baridi mkononi kama mfupa. Bibi yako si wa kudanganywa na kitu chepesi.

Sasa nikuambie linaloniumiza. Nilipochukua ile sita-tano kwenda kufanyia kalibu, ililala humo kwenye mpira usiku mzima. Bibi yako asubuhi akahesabu, akapata ishirini na sita. Nikairudisha. Kesho yake akahesabu, ishirini na saba. Kalibu ya pili, nikaichukua tena. Ishirini na sita. Nikairudisha. Ishirini na saba. Kila akiniuliza namwambia zipo zote, mama. Ningemwambiaje ile iko kwenye mpira?

Ameacha kucheza. Saa kumi Mzee Posta anakuja, anagonga, bibi yako anasema kichwa kinamuuma. Badala yake anahesabu. Anahesabu vijiko. Anahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, anarudi, anaanza upya. Juzi nimemsikia anajisemea, "Macho yalikwenda nikasema sawa. Sasa na kichwa?"

Na baba yako, maskini, hajui lolote. Amemsikiliza mama yake akihesabu, akanivuta pembeni akasema, "Mama ameanza." Ameficha kiberiti. Ameng'oa kile kitasa cha jiko la gesi anatembea nacho mfukoni pamoja na misumari ya viatu. Bibi yako tangu nimeolewa amejichemshia chai yake mwenyewe, mwenye macho na asiye na macho. Sasa anaomba.

Ndiyo maana naitaka hiyo kete iwahi. Nikiitumbukiza kwenye kopo atahesabu ishirini na nane, atatulia, na mambo yatakwisha. Usimwambie baba yako. Usimwambie mtu.

Ijumaa, tarehe 14.

Mwanangu, barua niliiacha chini ya godoro siku tatu. Kila nikitaka kuifunga naona kuna kitu hakikai sawa, na sijui ni nini. Nilifika mahali pale nilipoandika "atatulia", nikaisoma tena kwa kidole, nikasimama. Kwa sababu akiikuta humo, atasema nini? Atasema kumbe zilikuwepo siku zote. Kumbe ni mimi niliyekuwa nahesabu vibaya. Yaani nitakuwa nimempa kete kwa mkono huu, na kwa mkono huu nimempigia muhuri kwamba ameharibikiwa. Nikachanganyikiwa zaidi kuliko nilivyochanganyikiwa na vile vikombe na mizani. Nikasema labda kete hii ikifika niwe nimeiweka na maelezo. Maelezo gani? Nikasema labda nimsingizie paka. Nikaona haya mbele ya paka.

Jumatano jioni baba yako akasema Jumatatu atampeleka kwa daktari wa vichwa. Alisema kwa upole, mezani. Bibi yako hakubisha. Wewe umewahi kumwona bibi yako asibishe? Aliitikia tu, "Nipelekeni."

Jana saa kumi nilikuwa nachambua mchele. Akaniita. Nimekwenda nimemkuta kitandani, kopo lipo mapajani. Akasema, "Mkwe, kaa hapa. Mimi sijiamini tena. Hesabu wewe. Chukua moja moja, nitilie mkononi, na useme kwa sauti."

Nikakaa. Ningefanya nini? Nikatoa ya kwanza nikamtilia kiganjani, nikasema moja. Akaipapasa, akaiweka kwenye shuka. Mbili. Tatu. Anazipokea kama mtu anayepewa vidonge. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kopo linazidi kuwa jepesi na mimi nazidi kuwa mzito. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Nikatia mkono, nikaitoa ile ya mwisho, nikamwekea. Ishirini na saba.

Kiganja chake kikabaki wazi. Anangoja.

Mwanangu, neno lile lilikuwa pale ulimini, ishirini na nane. Ni rahisi kulisema. Ningeweza kumwekea ileile mara ya pili. Ningeweza kusema zimetimia, mama, lala. Kile kiganja kikawa kimefunguka tu, na mistari yake yote, na mimi natazama kopo tupu.

Nikasema, "Zimeisha, mama. Ni ishirini na saba. Sita-nne niliikung'uta mimi kwenye taka siku tunapaka rangi."

Nikamwambia na ya kalibu. Na ya ishirini na sita. Nikamwambia yote, vurugu vurugu, ya mwisho ikatangulia ya kwanza, mpaka ya maandazi ya sponji nikamwambia. Nililia, sitakuficha. Yeye hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Kwa hiyo nilihesabu sawasawa?"

"Ulihesabu sawasawa, mama."

"Na siku zile za ishirini na sita?"

"Sawasawa pia."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akanishika mkono huu, akaubana mpaka nikahisi mifupa, kwa mkono ule wa uzee! Akasema, "Kete si kitu. Kete ni kipande cha mfupa wa ng'ombe. Ungenirudishia kete ukabaki na akili yangu." Halafu akaanza kunihoji. Mwanangu, nilihojiwa. "Na vile vikombe vyangu viwili ulivyosema vimeazimwa?" Vilivunjika, mama. "Na kile kitambaa changu cha bluu?" Nilikiunguza na pasi. "Na wewe siku ile uliposema supu haina pilipili?" Ilikuwa nayo. Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikacheka huku kamasi zinanitoka, hata Kifaranga akaja kuchungulia kuna msiba au harusi.

Baba yako aliporudi nilimwambia nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alitia mkono mfukoni akatoa kile kitasa cha jiko, akakipangusa misumari na vumbi la ngozi, akaenda akakirudisha mahali pake, na kiberiti akakiweka juu. Kisha akamwambia mama yake, "Mama, chai." Bibi yako akamwambia, "Jipikie. Mimi nachemsha yangu." Nadhani amesamehewa, lakini mimi bado sijui. Leo asubuhi bibi yako ameninyooshea kikombe nimtilie sukari, nilipotia akaniuliza, "Umetia vijiko vingapi? Sema kweli." Sijui ni utani au ndivyo itakavyokuwa mpaka mwisho wa maisha. Nimesema viwili. Vilikuwa viwili.

Kwa daktari hatuendi.

Sasa usidhani kete haitakiwi. Ndiyo kwanza inatakiwa! Mzee Posta amekuja leo saa kumi, ameambiwa yote, akavua kofia, nywele hana. Akasema pole kwa wote, kisha akasema kwa ishirini na saba yeye hachezi, mchezo hautafungika. Nikamletea ile yangu ya epoksi. Akaishika ikamshika. Bibi yako naye akaipokea, akaipapasa, akaipeleka puani, akasema, "Hii ni sita-nne au ni kitoweo?" Halafu Mzee Posta akasema neno ambalo limenirudisha kwenye giza. Anasema kete mpya ikiwa nyepesi au vuguvugu kuliko wenzake, bibi yako ataijua kwa kuigusa mgongo tu ikiwa imelala kifudifudi, na huo ni wizi. "Mama, wewe kidole chako kinaona kuliko macho ya polisi." Bibi yako akajibu kwamba mtu aliyefungwa miaka kumi mfululizo hana haja ya kutafuta mwizi. Wamegombana nusu saa. Nyumba imerudi kuwa nyumba.

Kwa hiyo swali langu ni lilelile ila limekuwa gumu zaidi. Bibi yako anasema nirudie ile ya haraka, bila maji, kwa kuwa muuza rangi amesema dakika kumi na yeye hana miaka ya kungoja. Kifaranga anasema epoksi, tununue na mizani ndogo, tupime kwa gramu, tukoroge polepole tukikwangua na pembeni mwa kikombe, tuvae glavu. Baba yako anasema poliesta, yeye na harufu ya gundi ni mtu na ndugu yake, ataimimina kibandani kwake. Mzee Posta anasema tutie mchanga mwembamba au unga wa mfupa ndani ili iwe nzito. Inawezekana hiyo? Haitazuia kuganda? Kila mtu ana lake na mimi niko katikati kama mwiko. Na bibi yako amesema safari hii ataikoroga yeye, kwa sababu mimi siaminiki mbele ya chupa yenye tone.

Usije na wewe ukaniambia "yoyote tu, mama". Niambie moja. Niandikie jina lake kwa herufi kubwa nikamwonyeshe muuza rangi, na useme inapimwa kwa kijiko au kwa mizani, na inangoja saa ngapi kabla ya kuguswa. Na uniambie ukweli wa kile kitu cha pua, unacho au huna. Huna haja ya kunifichia, nimeona mwenyewe kufichiwa kunafanya nini.

Baba yako anakusalimu, anasema viatu vyako vya kazi vikiisha soli umtumie, usimpe fundi wa huko. Kifaranga anakusalimu, anataka kifungo kimoja cha kila rangi. Shangazi yako wa juu anakusalimu na lile swali lake. Mzee Posta anakusalimu, anasema hii bahasha ataipeleka mwenyewe kwa miguu hadi kwenye dirisha la posta, haamini vijana wa siku hizi. Bibi yako anakusalimu kuliko wote, amesema niandike hivyo.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe mkate laini, marafiki wa kweli na kifua kisichobana, na mkono wako ule uliovunjika usikuume kwenye baridi.

Jibu upesi, mwanangu. Barua hata gundi haijakauka, na bibi yako ameshauliza mara tatu kama umejibu.

Ni mimi nikupendaye tangu hujaota jino,
Mama yako.